Baba Yetu Tatu

Wewe unayekunywa soda hapo Mlolongo kabla ya kuingia kazini, ule uchachu unaokufanya ufumbe jicho moja umewahi kujiuliza unatoka wapi? Usiniambie ni ndimu. Ndimu za kutosha soda zote za nchi hii zingetoka shamba la nani? Uchachu huo hutengenezwa na ukungu, ndugu ya ule unaomea kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Ila huu wetu ulikuwa na tangi lake, hewa yake na watu wa kuulisha, na ulitunzwa kuliko baadhi ya watoto. Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao kwa miaka mingi, katika kiwanda kimoja kule Athi River. Jina lake nitaliacha, kwa sababu wenyewe wamebadilika na hata lango limepakwa rangi nyingine.

Ninaandika haya kwa sababu ya mjukuu wangu Mutheu, anayesomea kemia na sasa amepelekwa kiwandani EPZ kujifunza kazi. Wiki jana aliniuliza mimi nyanya yake, "Susu, kwani nyinyi mlikuwa mnapima aje, na hakukuwa na mashine?"

Nikamjibu, "Tulikuwa tunapima na Baba Yetu."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi sikucheka. Nikaona afadhali niwaeleze nyote, yeye na wenzake wenye makoti meupe, jinsi tulivyopima, na jinsi nilivyomkosea mtu aliyenifundisha kupima. Anaitwa Kilonzo. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, nikalichelewesha.

Kwanza kazi yenyewe. Unachukua molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatengenezwa, ambao wenye ng'ombe huuchanganya na majani makavu. Unautia maji, unaupanda ukungu, unaupulizia hewa siku kadhaa. Ukungu unakula sukari na kutoa asidi. Ukishauchuja unabaki na maji ya rangi ya chai ya rangi, sisi tuliyaita mchuzi. Asidi imo humo, lakini imechanganyika na takataka za kila aina. Kuitengeneza si kazi kubwa, ukungu unaifanya bila mshahara. Kazi kubwa ni kuitoa. Hilo shuleni hawakuambii, kwa sababu kitabuni wanachora mshale mmoja na mambo yanaisha.

Nilipoandikwa, tuliitoa kwa chokaa. Ulimwaga chokaa kwenye mchuzi, asidi ikashikana nayo na kuzama kama unga, kisha unga huo ukaumwagia asidi nyingine kali ya kutisha ili uiachilie ile unayoitaka. Kilichobaki ni jasi, milima na milima ya jasi nyuma ya kiwanda. Nilikuwa nikirudi nyumbani Katelembo na nyusi nyeupe, jirani yangu akaniuliza kama nimefungua kinu cha unga na sijamwambia. Vidole vilipasuka. Dawa yake ilikuwa mafuta ya kupikia, na shikeni hili: unayapaka kabla ya kushika chokaa. Kupaka baadaye ni kujifariji tu.

Halafu wakaleta njia ya mafuta, na hapo ndipo nilipokutana na Kilonzo.

Mafuta hayo ni mepesi, karibu kama mafuta ya taa, na yametiwa dawa inayoshika asidi. Unayachanganya na mchuzi, asidi inauhama mchuzi na kuingia kwenye mafuta, uchafu unabaki. Unaviacha vitulie tangini, mafuta juu, mchuzi chini. Kisha unachukua mafuta yaliyoshiba, unayakoroga na maji safi ya moto, na asidi inahama mara ya pili, inaingia kwenye maji. Mafuta yanarudi mwanzo kufanya kazi ileile. Ni hivi: asidi hii inapenda mafuta kukiwa na baridi, na inapenda maji kukiwa na joto. Nawajua wanaume wa namna hiyo, wanaokumbuka nyumbani mwezi wa baridi wa Julai peke yake.

Shida yote iko kwenye kutulia. Mchuzi ukiwa na vipande vya ukungu vilivyopita kwenye kichujio, mafuta na mchuzi havitaki kuachana. Vinashikana katikati, vinafanya utando mchafu, na ukivilazimisha vinageuka kitu kimoja kizito cheupe kama maziwa ya mala. Hapo umepoteza mafuta, umepoteza asidi, na wiki yako imekwisha.

Kilonzo alikuwa mkuu wa sehemu ya matangi. Alikuwa mtu wa upande wa Mua, Mkatoliki wa kila Jumapili, mpole mpaka ukadhani hasikii. Chakula chake kilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliofutika maandishi. Alikula polepole na hakuongea akila. Mimi ninaongea nikila, nikifanya kazi na hata nikilala, kwa hiyo siku za kwanza nilidhani ananichukia. Baadaye nikagundua kwamba alikuwa akisikiliza mashine. Kichanganyio kikianza kubeba mzigo mzito sauti yake inashuka kidogo, na Kilonzo alikuwa akiacha kutafuna, anainuka na kijiko mkononi.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja akabaki na amani: mahali penye mafuta haya, cheche moja inatosha. Simu, saa za mkononi, funguo na viatu vya misumari vilibaki kwenye sanduku la mbao mlangoni. Siku moja alikuja mgeni mkubwa kutoka Nairobi, suti yake inang'aa, viatu vyake vina vyuma kisiginoni, kokoko sakafuni. Kilonzo akamsimamisha mlangoni.

"Mzee, toa hiyo viatu."

"Unajua mimi ni nani?"

"Sijui. Lakini hiyo viatu najua."

Tulimpa mgeni gambuti mbili, zote za kushoto, moja kubwa kuliko mwenzake. Alizunguka kiwanda kizima akipinda kama bata. Kilonzo alimweleza kila tangi kwa heshima kamili, wala hakutabasamu hata kidogo. Sisi wengine tulijificha nyuma ya mabomba.

Sasa, bila saa ndani, utajuaje mchuzi umetulia kwa muda gani? Saa ya ukutani ilikuwa ofisini, ng'ambo ya ua. Saa maalumu isiyotoa cheche tuliahidiwa, na ahadi ikazeeka. Basi Kilonzo akatengeneza kipimo chake. Kilimchukua miezi. Alichota sampuli, akaipindua, akaiweka chini na kusali Baba Yetu huku akiiangalia, kisha akaenda kutazama tangi lenyewe lilivyofanya. Alirudia hivyo kila siku, mchuzi mzuri na mchuzi mbaya, mpaka akajua. Chupa ikiachana kabla Baba Yetu ya tatu haijaisha, tangi litatulia vizuri, fungua valvu. Ikipita ya tatu, usifungue. Mafundi wa kigeni waliokuja kufunga mashine walipima pamoja naye, wakakubali kwa kichwa. Katika daftari tuliandika BY 1, BY 2, na kila mtu wa sehemu yetu alielewa. Mtu yule hakuwa amesoma kupita darasa la saba, na hicho ndicho kitu alichokivumbua duniani. Alijivunia kimyakimya, kwa kukiwekea chupa yake maalumu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuiosha isipokuwa yeye.

Alinifundisha hivi, na nyinyi mnaoingia kazini mchukue bure. Usichote juu ya tangi wala chini, chota kwenye koki ya katikati. Ya kwanza imwage, hiyo ni ya bomba si ya tangi. Usitikise chupa kama dawa ya kikohozi. Ipindue kichwa chini na kuirudisha mara kumi, kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Ukishaiweka chini usiiguse. Na usiangalie rangi, angalia mstari. Rangi inadanganya, mstari haudanganyi.

"Ni Baba Yetu tatu, mwaitu," alikuwa akiniambia. Mwaitu kwetu ni mama yangu, lakini mwanamke yeyote huitwa hivyo kwa heshima, hata akiwa mdogo kwako. Nami nilimwita nau, baba yangu. "Tatu. Si mbili na nusu, si nne."

Mchuzi wetu ulikuwa mzuri. Miezi na miezi chupa iliachana kabla sijamaliza Baba Yetu ya kwanza. Nilisali kwa Kikamba, jinsi mama alivyonifundisha kanisani kwetu, kanisa la Kiprotestanti, polepole bila kuparamia maneno, mpaka mwisho kabisa penye ufalme na nguvu na utukufu. Mama alisema anayeikimbiza sala hana adabu.

Siku yenyewe ilikuja baada ya kiangazi kibaya. Molasi tuliyoizoea ilikosekana, ikaletwa ya mahali pengine, nzito, inanuka kama sukari iliyoungua. Ukungu haukuipenda. Badala ya kukua vidonge vidogo vinavyochujika, ulikua nyuzinyuzi, na vichujio vikaanza kuziba tangu asubuhi. Mchuzi ulitufikia ukiwa tope, haupitishi mwanga. Kilonzo aliitwa upande wa maji ya moto, mwisho wa jengo, ambako pampu ilikuwa inalia. Akaniachia chupa yake.

"Mwaitu, pima tangi la pili. Ikikataa tatu usifungue, uniite."

"Sawa, nau."

Nilichota katikati. Nilimwaga ya kwanza. Nilipindua mara kumi. Niliweka chupa juu ya ubao, nikaanza kusali, na hapa naapa kwamba sikukimbia na sikuruka neno. Baba Yetu ya kwanza, tope tupu. Ya pili, tope. Ya tatu nikiwa katikati hakukuwa na kitu. Nilipofika kile kipande cha mwisho, mstari ukatokea, mwembamba kama uzi, lakini ulikuwepo. Nikasema Amina. Nikaandika BY 3, nikafungua valvu.

Saa sita mchana tangi la pili lilikuwa limegeuka mala juu mpaka chini. Pampu zililivuta na kulipeleka kwenye maji ya moto, joto likaupika utando ule ukashika kila mahali, na mafuta yakapita na maji mpaka kwenye mitungi ya kukaushia. Asidi iliyotoka siku ile ilikuwa nyeupe na nzuri kwa macho, lakini ukiinusa unasikia taa ya koroboi. Kiwanda kilisimama zaidi ya wiki. Tuliingia matangini na vikwaruzo vya mbao tukikwangua, kamba kiunoni, mtu mmoja ndani na wawili nje wa kumshika. Na hilo pia mshike: usiingie tangini bila mtu wa kushika kamba, hata ukiambiwa ni dakika moja.

Meneja alituita uani. Alikuwa na daftari letu mkononi.

"Nani alipima tangi la pili?"

Nilifungua mdomo. Kilonzo alikuwa amesimama mbele yangu, akasema kabla yangu, "Kipimo ni changu, bosi."

"Sijauliza kipimo ni cha nani. Nani alipima?"

"Ni mimi."

"Na hii BY ni nini?"

Kilonzo akavua kofia. "Ni Baba Yetu, bosi. Tunahesabu na Baba Yetu."

Watu wa ofisini wakacheka. Meneja hakucheka, na ingekuwa afadhali angecheka. Alisema mashine za thamani ile haziendeshwi na sala za wazee. Kilonzo alikuwa akiangalia chini, kofia mkononi. Mimi nilikuwa nyuma yake na mdomo wangu uleule, nikaufunga. Nilikuwa mjane wa mwaka mmoja, nina watoto wawili shuleni. Nikajiambia kwamba sikukosea mahali, nilifuata kipimo alivyonipa, basi kosa liko kwenye kipimo. Nililiamini hilo. Lakini mtu anayeamini hana kosa haogopi kusema ni yeye aliyepima, na mimi niliogopa.

Wakamtoa kwenye matangi, wakampeleka ua wa molasi kuosha mapipa. Mtu aliyekuwa akisikia mashine ikikohoa kutoka meza ya chakula, akawa anaosha mapipa. Ile saa maalumu ilifika wiki ileile. Vitu hukawia kufika mpaka mtu aumie. Wataalamu wakapima siku nne kwa vyombo vyao, wakabandika karatasi ukutani: chupa iachane ndani ya dakika moja na nusu, ikipita usifungue. Nikaisoma karatasi ile kila siku ya kazi mpaka nikastaafu, wala haikuniambia kitu.

Kilonzo hakumaliza mwaka kule uani. Aliomba kuondoka kabla ya muda wake. Siku ya mwisho nilimkuta langoni, mkebe wa muthokoi chini ya kwapa. Nikamuuliza kama ananiachia ile chupa. Akasema ameivunja.

"Mwaitu," akasema, "ile kipimo nilikupatia ilikuwa mbaya. Watu wamefanya na hiyo miaka yote, na ni mimi nilikuwa nawaambia iko sawa. Ingeweza kuua mtu. Unisamehe."

Nikamwambia, "Hakuna neno, nau. Nimekusamehe."

Mimi ndiye niliyesema hivyo. Nimeyaandika maneno hayo hapa na mkono umesita. Nilimsamehe, tena nikajiona mwema, nikarudi ndani kuvaa glavu zangu.

Miaka ikapita. Nikawa mkuu wa sehemu ileile, nikafundisha wengine kuchota katikati na kuangalia mstari, na nilipofika kwenye muda niliwaonyesha karatasi ya ukutani. Nikastaafu, nikarudi Katelembo kwenye kunde na mbaazi zangu. Halafu mke wa Kilonzo akafariki, nikaenda Mua kumpa pole.

Walikuwa wakisali rozari mchana, viti vya plastiki vimepangwa uani kando ya tangi la maji ya mvua. Katekista aliongoza, watu wakaitikia. Salamu Maria si zetu, nikakaa kimya, lakini ikifika Baba Yetu nilisali nao, maana hiyo ni ya wote. Tukafika mwisho. Wao wakasema Amina na kuingia Salamu Maria, nami nikaendelea peke yangu kwa sauti, na ufalme na nguvu, mama aliyekaa karibu akanigusa goti akitabasamu. Nikaona haya. Fungu lililofuata nikafanya vilevile, mazoea yana kani. Fungu la tatu nikainua macho niwatazame ili niache pale wanapoacha. Nikamwona Kilonzo kwenye kiti chake. Midomo yake ilikuwa inasali. Ikafika pale, ikasimama.

Hapo nikaikumbuka ile chupa ya tangi la pili.

Mtaniuliza kama sikujua. Nilijua! Nani hapa Ukambani hajui kwamba Wakatoliki wanakatia pale? Tumeoana nao, tumezikana nao. Nilijua jambo hilo tangu utoto, na nilijua kipimo cha Kilonzo tangu nilipoingia matangini. Lakini kujua mambo mawili ni kitu kimoja, na kuyaweka kando kwa kando ni kitu kingine. Yalikaa kichwani mwangu miaka yote kama majirani wasiosalimiana.

Niliporudi nyumbani nikamwambia Mutheu, wakati huo angali shule ya upili, anishikie saa kwenye simu. Nikasali tatu za Kilonzo kwa mwendo wa watu wa rozari. Dakika moja na nusu, zimepungua sekunde mbili tatu. Nikasali tatu zangu, za Kikamba, polepole, mpaka utukufu. Ziliipita dakika mbili. Mutheu akauliza, "Susu, kwani unalilia nini?" Nikamwambia moshi, na jiko lilikuwa limezimwa.

Kipimo cha mzee yule kilikuwa sawasawa na kile cha wataalamu wenye vyombo, na alikuwa amekipata kwa chupa na macho yake. Aliishi akiamini kwamba kilikuwa kibovu. Aliniomba mimi msamaha.

Basi nilikuwa na neno la kumwambia, na halikuwa refu. Siku ya rozari sikulisema, mtu hafiwi na mkewe halafu akaletewa habari za mchuzi. Nikasema nitaenda Jumapili. Jumapili mvua ikanyesha na mbegu zilikuwa zinangoja. Mwezi uliofuata goti likaniuma. Kisha ikaja harusi, kisha michango ya kanisa. Ninyi wanangu, sababu hazikosekani. Ukizitafuta zinakuja zenyewe kama kuku wakisikia mahindi. Ukweli ni kwamba niliona haya. Nilikuwa nikilipanga neno lile kichwani kila nikipalilia, na kila nikifika mahali pa kusema "ni mimi" nilianza upya. Siku nyingine nilifika mpaka barabarani, nikanunua vitunguu nikarudi. Mwaka ukaisha hivyo, na mwingine ukaanza.

Halafu Mwikali, bintiye Kilonzo, akanipigia simu.

"Mwaitu Ndunge, baba ameanza kusahau watu. Juzi ameniuliza mimi ni wa nani. Kama unataka kumwona, kuja mapema."

Sikungoja Jumapili. Nilikamua ndimu za hapa nyumbani bila kuchuja, nikaitia juisi yake maji, nikaiacha na nyama zake zote, nikaimimina kwenye chupa nyembamba ya kioo. Juu yake nikamimina mafuta ya taa. Si mchuzi, si mafuta yetu, lakini nilifikiri mikono inaweza kukumbuka mahali ambapo kichwa kimesahau. Mwikali alinipokea mlangoni. Alinionya kwamba leo ni siku mbaya.

Kilonzo alikuwa ameketi jikoni karibu na dirisha, blanketi miguuni, amepungua. Nilimsalimia kwa Kikamba. Aliitikia kwa adabu, kama unavyomwitikia mgeni ambaye utaulizia jina lake akishaondoka. Nikakaa kwenye kigoda, nikatoa chupa kwenye mfuko.

Aliiona. Akanyoosha mkono, nikampa.

"Umetoa katikati?" akauliza.

"Katikati, nau."

"Na ya kwanza ulimwaga?"

"Nilimwaga."

Mikono ile ilikuwa ikitetemeka alipokuwa akisalimia. Sasa ilitulia. Aliipindua chupa kichwa chini na kuirudisha, mara moja, mara mbili, mpaka kumi, kwa mwendo uleule wa zamani. Akaiweka dirishani penye mwanga. Midomo ikaanza kusali. Nami nikasali naye kimya, na safari hii niliacha pale anapoacha, nikaanza pale anapoanza. Moja. Mbili. Tatu. Akainama, akauangalia mstari. Nyama za ndimu zilikuwa bado zinaning'inia katikati, mafuta hayajaachana na maji.

"Bado," akasema. "Usifungue."

Hapo nikalia. Nikamshika mkono nikasema yote, upesi, kabla sijaanza upya. "Nau, siku ile nilifungua. Tangi la pili. Ni mimi nilipima, si wewe. Nilisali ile yetu ndefu, na wewe ulihesabu na yenu. Kipimo chako kilikuwa sawa. Kilikuwa sawa siku zote, hata wataalamu walipima wakapata ileile. Ni mimi nilikosea, na nikakuachia wewe."

Mwikali alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Kilonzo alinitazama. Uso wake ulikuwa wa huruma, huruma ya mtu mzima kwa mfanyakazi mgeni aliyeharibu kazi siku ya kwanza.

"Wewe ni wa shifti gani?"

"Ya asubuhi, nau."

Akanipigapiga mkono. "Basi enda uambie Kilonzo. Usiogope, hakasirikangi. Lakini umwambie haraka, kabla hajaenda nyumbani."

Nikajipangusa macho na kona ya leso.

"Ndiyo, nau," nikasema. "Ninaenda kumwambia."